Kivalvu Nilichokikuta Kwenye Karai

Ninyi mafundi vijana mliniomba niandike kuhusu breki, nikacheka, kwa maana najua mlitarajia ukurasa mmoja wa namna ya kutoa upepo kwenye paipu. Hilo mnaliweza. Mimi nimevua overoli juzijuzi tu, kucha zangu bado zina weusi ambao sabuni imeshindwa nao, na kwa mara ya kwanza nina muda wa kukaa na kalamu mchana kweupe. Nitawaandikia jambo ambalo sikuwahi kuwaambia tulipokuwa tukinywa chai pale karakana. Anayetaka habari za vyeo na mishahara atafute mstaafu mwingine. Karakana yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na Mzee Ogola, halafu mimi.

Jina langu ni Boke, Mkuria wa upande wa Kehancha. Miaka ya tisini ilipokuwa inaanza nilipelekwa Migori kujifunza ushonaji katika chuo cha ufundi. Darasa la ushonaji lilikuwa limejaa. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha majina akaniuliza kama ninaogopa grisi. Nikamjibu siogopi, kwa sababu sikujua grisi ni kitu gani. Akaniandika ufundi wa magari. Mama yangu alisubiri gauni kutoka kwangu miaka miwili kabla sijapata ujasiri wa kumweleza.

Mzee Ogola alikuwa na karakana ya mabati Migori, nyuma ya soko. Alikuwa Mjaluo mrefu, Msabato, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Mimi sikujua Kijaluo na yeye hakujua Kikuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha nati na spana. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni nyar Kuria?" Yaani binti wa Wakuria.

"Ndiyo, Mzee."

"Unaweza kuinua giaboksi?"

"Peke yangu siwezi. Wewe unaweza?"

Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Akanipa kitambaa cha kupangusia mikono, na hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Siku hiyo hiyo alinipa sheria zake. Ukifungua kitu, vipande vyote vinavyorudi ndani unaviweka kwenye karai, na visivyorudi unavitupa kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa juu ya meza. Hakukuwa na kuuliza. Karai linarudi, mkebe haurudi. Halafu, aliyeshika breki za gari lazima apande gari hilo safari yake ya kwanza, awe ana homa au ana harusi. Mwisho akanieleza kuhusu Sabato. Jua likizama Ijumaa mpaka lizame Jumamosi, asiitwe kwa jambo la kazi. "Hata garage ikiungua," akasema, "ita majirani."

Mimi ni Mkatoliki, basi Jumapili ikawa yangu. Jumamosi nilifanya kazi peke yangu, Jumapili alifanya yeye peke yake, na karakana haikufungwa hata siku moja ya wiki. Wateja walitusifu. Gari likiletwa Alhamisi lilikuwa tayari Jumatatu, huku kila mmoja wetu amesali siku yake. Tulijiona wajanja sana.

Miaka ile niliona mambo ya breki ambayo hadi leo nikiyakumbuka naduwaa. Dereva wa trekta la miwa kutoka Awendo aliniambia trela lake halihitaji breki kwa kuwa miwa ni mizito na inasimama yenyewe. Pikapu za samaki zilikuja na paipu za breki zimeliwa na maji ya samaki hadi unazivunja kwa vidole. Jamaa mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alipoishiwa na mafuta ya breki akajaza mafuta ya kupikia. Ya kupikia! Mipira yote ndani ikavimba, gari likajifunga lenyewe katikati ya barabara, naye akaja kutulaumu kwamba breki zetu ni kali mno. Mzee Ogola alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama aliweka na kitunguu.

Nilijifunza kwa Mzee kwamba breki haiongopi, ila inachelewa kusema. Alinifundisha kukanyaga pedali na kuhesabu hadi thelathini, nikisikiliza kwa mguu kama inazama. Alinifundisha kunusa magurudumu. Kila alichonifundisha alinifundisha mara moja tu, na mimi nilikuwa na adabu ya kutouliza mara ya pili. Nawaomba muikumbuke hiyo adabu yangu.

Katikati ya miaka hiyo tulihamia Homa Bay, na huko ndiko tulikoletewa landrova ya zahanati moja ya milima ya Gwassi. Ilikuwa kuukuu, yenye breki za dramu, zile za viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma ya gurudumu, magurudumu yote manne. Kila ilipovuka kijito, dramu zilijaa maji na dereva wake, Ouma, alibaki akiomba Mungu mpaka zikauke. Ouma alikuwa kijana mpole asiyependa kelele. Alikuja na Sista Nereah, muuguzi wa zahanati, ambaye alizipenda kelele kwa niaba ya wote wawili.

"Mzee, mimi nabeba wamama wenye uchungu kwa hii gari," alisema. "Wakifika chini wamejifungua kwa sababu ya hofu. Niwekeeni breki za watu."

Mzee akaamua kubadilisha za mbele ziwe za diski. Landrova nyingine, mpya kidogo, ilikuwa imepinduka karibu na Rongo, na tukapata kutoka kwake hubu, diski na kalipa zake, vile vibanio vinavyoshikilia pedi za kubana diski. Ilikuwa kazi nzuri, ya kujivunia. Siku ya Alhamisi Mzee alinionyesha kitu kimoja. Ndani ya master silinda ya zamani, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, mwishoni kabisa, kuna kivalvu kidogo cha mpira na springi. Kazi yake ni kubakiza nguvu kidogo kwenye paipu hata ukiachilia pedali, ili viatu vya breki vikae karibu na dramu. Dramu zinakipenda. Diski hazikitaki kabisa, kwa sababu hiyo nguvu kidogo inafanya pedi ziendelee kuibana diski njia nzima bila dereva kujua.

"Haka katatoka," akasema.

"Sawa, Mzee."

Ijumaa jioni alikuwa akifungua master silinda ili abadilishe mipira yake, jua likawa linamkimbia. Alinawa mikono haraka akaondoka. Jumamosi asubuhi nikalikuta karai lina vipande vya master silinda, vimeoshwa vizuri. Na kivalvu kilikuwemo.

Nilikishika. Nilikiweka kwenye kiganja nikakitazama. Alhamisi amesema kitatoka, Ijumaa amekiweka kwenye karai, na karai linarudi. Nikawaza, labda Mzee amebadilisha mawazo. Labda kuna jambo la breki za nyuma, ambazo bado ni za dramu, ambalo mimi silijui. Kanisa lake lilikuwa umbali wa kumaliza sigara moja. Ningeweza kwenda. Lakini ningemwambia nini? Kwamba namshuku? Na siku ya Sabato? Nikakirudisha ndani, nikafunga, nikaiweka master silinda juu ya meza. Jumapili nikaenda misa, Mzee akaja akaifunga kwenye gari na kutoa upepo.

Jumatatu tuliijaribu kwenye barabara tambarare ya mjini. Ilisimama pale pale ilipoambiwa. Sista alikuwa kule juu zahanati, kwa hiyo tukapanda kumfuata, Ouma kwenye usukani, Mzee kando yake, mimi nyuma na maboksi ya dawa, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumeshika breki.

Tukipanda mlima Ouma alisema, "Gari imekuwa nzito." Mzee akamjibu ni mzigo. Kulikuwa na harufu ya kuungua. Mimi nikasema ni pedi mpya, pedi mpya hunuka. Yaani breki ilikuwa inatuambia kwa sauti, na mafundi wawili walikaa pale wakiitafutia visingizio! Tulipofika juu, kushusha maboksi na kunywa uji kukachukua saa nzima, magurudumu yakapoa kidogo, na harufu ikaisha. Kisha Sista Nereah akapanda nyuma pamoja nami ili ateremke Homa Bay kuchukua chanjo.

Tulianza kuteremka, ziwa likiwa kule chini. Ouma alikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, zikashika. Kona ya pili pedali ikashuka nusu. Kona ya tatu ikaenda hadi chini ikakaa.

Ouma hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, breki hakuna."

"Pampu! Pampu! Kanyaga tena na tena!"

"Hakuna."

Mzee akavuta handibreki kwa mikono miwili. Ilikuwa imelowa mafuta ya giaboksi, kama ilivyo kawaida ya landrova kuukuu, ikatoa moshi na haikufanya kingine. Ouma akajaribu kurudisha gia, gia ikakataa kuingia, na gari likawa linajiendea bure. Nilikuwa nimeshika mkono wa Sista, au yeye ndiye aliyeshika wangu. Kulia kulikuwa na bonde. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo. Ouma akachagua ukingo, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Landrova ilipanda ukingo ikalala ubavu. Mlango wa nyuma ulifunguka, mguu wa kushoto wa Sista ukatoka nje na bodi ikaulalia. Watu waliokuwa wakipalilia walikuja na magogo wakaiinua. Mimi nilikuwa nimekwaruzika tu kiwiko. Nilihangaika kufungua kitambaa cha kichwa changu ili nimfunge. Sista hakulia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo lisiloeleweka, akauliza, "Si mmetoka tu kutengeneza hii breki?"

Wiki hiyo hiyo walimkata mguu chini ya goti.

Gari lilivutwa hadi karakana. Mimi na Mzee tukaitoa master silinda na kuifungua tukiwa tumeinama juu ya meza ileile. Kivalvu kikaanguka kwenye karai kikalia kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa harufu ile. Pedi zilibana diski toka Homa Bay, diski zikawaka moto, na tulipoanza kukanyaga kwenye mteremko mafuta ya breki yakachemka yakawa mvuke. Mvuke hausukumi kitu.

"Nani aliweka haka?" Mzee aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kalikuwa kwenye karai, Mzee."

Alikaa kwenye tairi. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Badala yake alivua miwani. "Karai niliacha mimi," akasema. "Jua lilikuwa linazama. Sikukatenga. Yawa, jamani, nyar Kuria. Na Jumapili nilipokuja niliangalia ndani ya mkebe. Ulikuwa mtupu. Nikajiuliza, huyu alikatoa? Nikatembea mpaka kanisa yenu. Nikasimama kwa mlango. Mlikuwa mnaimba."

Sikuamini masikio yangu. "Ulikuja? Mbona hukuniita?"

"Ningekuita nikuulize nini? Kama umefanya kitu nilikufundisha Alhamisi? Nikaona nitakuaibisha. Nikasema, Boke hawezi kusahau. Nikarudi."

Mguu ulikuwa umeondoka kwa sababu ya mwendo wa dakika chache ambao mimi sikuuanza na yeye hakuumaliza. Nililia siku hiyo mbele yake bila kujificha.

Tulikwenda hospitalini kumweleza Sista. Mzee alisema yote, kuhusu karai, mkebe, Sabato, misa, bila kujipunguzia. Sista alisikiliza akiwa ameegemea mto, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa.

"Ngojeni," akasema. "Wewe uliogopa kumuuliza kwa sababu ni mzee wako."

"Ndiyo, Sista."

"Na wewe uliogopa kumuuliza kwa sababu ni mwanafunzi wako."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo mguu yangu imeenda kwa sababu ya heshima?"

Nimesikia matusi mengi katika kazi hii, ya madereva wa lori hasa, lakini hakuna lililowahi kunipiga kama swali hilo. Nilidhani atatufukuza. Badala yake akasema zahanati haina gari lingine, na akina mama wa Gwassi hawajaacha kuzaa kwa kumsubiri yeye apone. Tutengeneze hiyo landrova. Siku itakapotoka, atapanda yeye, kiti cha mbele, na sisi wawili nyuma.

Tulifanya kazi hiyo kwa majuma kadhaa, polepole, tukinyoosha bodi na kubadilisha handibreki. Mlango uliofunguka hivyo mara moja huwa haufungi tena vizuri, kwa hiyo tuliweka komeo la chuma. Ouma alikuwa akija kusaidia, akinyoosha misumari iliyopinda ambayo hakuna aliyemwomba ainyooshe. Mzee aliapa hatutaitumia tena ile master silinda, akaenda Kisumu kununua mpya. Muuzaji alimhakikishia ni ya diski, haina kivalvu. Akarudi nayo Ijumaa alasiri. Sista alikuwa ameshatoka hospitalini na alikuwa ametuma neno kwamba Jumatatu asubuhi atakuwa mlangoni.

Ijumaa hiyo mimi nilikwenda kutafuta mafuta ya breki, na niliporudi jua lilikuwa limezama, Mzee ameondoka. Jumamosi asubuhi nikaikuta master silinda mpya juu ya meza, imefungwa. Karai lilikuwa tupu. Mkebe ulikuwa mtupu. Maana yake ni nini? Labda Mzee aliifungua, akakuta haina kitu, akaifunga. Hilo ndilo nililoliamini, tena kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Baada ya yaliyotokea, nilijiambia, Mzee Ogola hawezi kuondoka hapa bila kuifungua. Nikachukua spana nianze kuifunga kwenye gari.

Sijui niwaeleze vipi. Mkono ulikataa tu. Niliiweka spana chini, nikaondoka na overoli yangu yenye mafuta, nikatembea hadi kanisa la Wasabato.

Mchungaji alikuwa anahubiri. Akina mama wa mlangoni, katika nguo zao safi, walinitazama kama mtu aliyepotea njia. Mmoja akaninong'oneza, "Sabato njema, dada. Unatafuta nani?" Nikamwambia namtafuta Mzee Ogola kwa jambo la kazi. Alishtuka hata akasogea nyuma. Nikaingia. Mahubiri yakakatika, vichwa vyote vikageuka, na mimi nikasimama katikati ya mabenchi nikinuka dizeli, mwanamke, Mkatoliki, katika siku yao takatifu.

"Mzee," nikasema kwa sauti, maana sauti ndogo ilikataa kutoka. "Ile master silinda mpya. Ulifungua?"

Alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la Sabato na ameshika Biblia. Alinitazama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole.

"Sikufungua," akasema. "Jua lilizama. Nilijua wewe lazima utafungua."

Mzee aliiweka Biblia kwenye benchi, akapita mbele za watu, mbele ya mchungaji wake, akatoka nami. Pale karakana akavua koti akalitundika kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akashika spana siku ya Jumamosi. Tuliifungua pamoja, yeye ameshika, mimi nazungusha.

Kilikuwemo.

Mzee alikitoa kwa vidole, akakitia kwenye mkebe, kisha akakitoa tena akakitazama, kana kwamba hakuamini kimeingia kweli.

"Jumatatu Sista angekaa mbele, na haka kakiwa ndani," akasema. Hakurudi kanisani siku hiyo.